Ugonjwa wa macho usiosubiri kambi

Hapa Dodoma tumezoea kusubiri kambi. Mzee akianza kulalamika kwamba macho yameingia ukungu, jirani anasema ni mtoto wa jicho, mwingine anauliza madaktari wa kambi watakuja lini, na familia inatulia. Siwalaumu. Mkoa huu una historia ndefu ya magonjwa ya macho. Kongwa inajulikana na watafiti wa nchi za mbali kwa sababu ya vikope, yaani trakoma, ugonjwa unaopindisha kope ziingie ndani na kukwaruza jicho mpaka lipofuke. Utafiti wake umefanyika pale tangu miaka ya 1980. Na kambi za upasuaji zimewarudishia wengi nuru. Mtu mwenye mtoto wa jicho anaweza kukaa mwaka mzima akishikwa mkono kwenda chooni, akatolewa ile lenzi iliyochakaa na kuwekewa ya bandia, na kesho yake akafunguliwa bandeji akawaona wajukuu. Kusubiri hakukumgharimu jicho.

Ila kuna ugonjwa mwingine unaompata mzee yuleyule, kwenye jicho lilelile, na huo ukiusubirisha miezi michache unaondoka na kitu ambacho hakuna upasuaji wa kukirudisha. Ni ugonjwa wa makula unaotokana na umri. Nimeufahamu kupitia Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, mwalimu mstaafu aliyefundisha shule za msingi vijijini Chamwino na Mpwapwa mpaka watu wakasahau jina lake na kumwita Mwalimu tu.

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwanga na kupeleka habari ubongoni. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, na hiyo ndiyo makula. Chochote unachokikazia macho kinatua hapo. Kusoma, kutia uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kuona tarakimu za namba ya siri kwenye simu, kutambua uso wa mtu: zote ni kazi za makula. Retina iliyobaki inashughulika na pembeni. Inakuonyesha mlango ulipo, bodaboda inayokuja ubavuni, ngazi.

Kwa hiyo mgonjwa wa makula haingii kwenye giza totoro. Anapoteza katikati tu. Na hapo ndipo watu wanaanza kumwelewa vibaya.

Mama Mkubwa alianza kusemwa. Mwalimu ana maringo siku hizi, anapita watu bila kuwasalimu. Kwa Wagogo, na kwa Watanzania wote nionavyo mimi, kumpita mtu bila salamu si jambo dogo. Mtu anaweza kulibeba miaka. Yuko Soko la Majengo, mwanafunzi wake wa zamani amesimama mbele yake anatabasamu, yeye anampita. Lakini huyo mwanafunzi akitamka "Mbukwa" tu, anaitikiwa na kutajiwa jina lake, la baba yake na darasa aliloketi. Wakati huohuo Mwalimu alikuwa anaona mbuzi wa jirani wakiingia kwenye mchicha wake kutoka upande wa pili wa uwanja. Ndiyo iliyowakera zaidi. Anaona mbuzi, watu hawaoni?

Ndiyo. Mbuzi walikuwa pembeni na wanatembea. Uso wa mtu unakaa katikati, na katikati ndipo palipokufa.

Tofauti na magonjwa mengine ya uzeeni ni hiyo. Mtoto wa jicho huchafua lenzi iliyo mbele, ukungu unatanda kote, na jua letu la mchana linakuwa adui. Presha ya macho huanza kula pembeni, kimya kimya, bila maumivu, ikija katikati mwishoni. Ugonjwa wa makula unakula katikati na kuacha pembeni. Mzee mmoja anaweza kuwa na zote tatu, na hapo ndipo ugomvi mwingine unapozaliwa: amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, haoni bado, familia inasema daktari kamharibu. Mara nyingine makula ilishaharibika zamani nyuma ya ule ukungu, na upasuaji umeifunua tu. Kabla ya upasuaji, muulizeni daktari kama ameweza kuiona makula. Ni swali la haki.

Ugonjwa wenyewe una sura mbili. Iliyo kavu ndiyo ya wengi, takriban wagonjwa 85 hadi 90 katika kila 100. Chini ya retina hujilimbikiza vijidoa vya manjano viitwavyo druseni, mabaki ambayo seli zimeshindwa kuyaondoa. Inakwenda polepole, kwa miaka. Wengine hawafiki mbali. Wengine wanaishia na mabaka ya seli zilizokufa katikati ya kuona kwao. Sura ya pili ni ya majimaji, na hiyo huanza mara nyingi kwenye jicho lililokuwa na ile kavu. Mishipa mipya ya damu huota chini ya retina mahali isipotakiwa, na ni dhaifu, inavuja. Fikiria bomba lililopasuka chini ya sakafu ya vigae: vigae havivunjiki siku ya kwanza, vinainuka, na mistari yote iliyokuwa imenyooka inapinda. Ndivyo anavyoona mgonjwa. Fremu ya mlango inapata tumbo, nguzo ya umeme inapinda kiunoni, mistari ya daftari inafanya mawimbi. Haya hutokea kwa siku au wiki. Majimaji na damu vikikaa hapo, panaota kovu, na kovu hilo halina tiba.

Jicho la kushoto la Mwalimu lilikwenda hivyo. Alisema nguzo imepinda. Mahali alipopelekwa kwanza aliambiwa ni mtoto wa jicho, asubiri kambi. Alisubiri kwa utii wote wa mwalimu. Kambi ilipofika, daktari alipanua mboni kwa matone, akamulika ndani, akasema ukungu kwenye lenzi ni mdogo, hautamsumbua, lakini nyuma pana kovu na hakuna la kufanya kwa jicho hilo. Kisha akasema jambo ambalo namshukuru mpaka leo: mtu aliyepatwa na aina ya majimaji kwenye jicho moja yuko kwenye hatari kubwa ya kupatwa kwenye la pili, kwa hiyo alinde lililobaki.

Akamfundisha kujipima. Kuna karatasi ya vijisanduku yenye nukta katikati, iliyobuniwa na daktari wa Uswisi aitwaye Marc Amsler katika karne iliyopita. Unavaa miwani yako ya kusomea, unafunika jicho moja, unaangalia nukta, na unajiuliza kama kuna mstari uliopinda au sehemu iliyofutika. Kisha unafunika la pili. Kufunika ndiyo kiini chake, maana jicho zima humfichia mwenzake makosa, na mtu anaweza kuishi na jicho bovu miezi asijue. Mama Mkubwa hakutaka karatasi. Alitumia wavu wa mbu wa dirisha la chumba chake, kila asubuhi, kabla ya chai.

Ni wavu huo uliookoa jicho la kulia.

Tiba iliyomsubiri ina safari ndefu nyuma yake, na ninaipenda habari hii kwa sababu ilianzia kwenye saratani. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kuita mishipa mipya ya damu, na kwamba ukizuia wito huo utaudhoofisha. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California walifanikiwa kuitambua protini inayotoa wito huo, ikaitwa VEGF. Ikatengenezwa dawa ya kuizuia, Avastin, ambayo jina lake la kitaalamu ni bevasizumabu, na mwaka 2004 ikaidhinishwa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana. Madaktari wa macho walikuwa wanatazama. Protini hiyohiyo ndiyo inayoita mishipa mibovu chini ya makula. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld wa Miami alichukua kiasi kidogo sana cha dawa hiyo ya saratani akakichoma ndani ya jicho la mgonjwa, na majimaji yakakauka.

Mwaka uliofuata ikaja Lucentis, iliyotengenezwa mahususi kwa jicho. Katika majaribio yake, wagonjwa takriban 95 kati ya 100 waliochomwa kila mwezi hawakupoteza uwezo mkubwa wa kuona ndani ya mwaka, na karibu theluthi moja waliongeza mistari mitatu au zaidi kwenye chati ya herufi. Kabla ya hapo tulikuwa na miale ya leza ya kuchoma mishipa, iliyopunguza kasi ya kupotea na mara nyingi iliacha kovu lake yenyewe. Nani alikuwa amewahi kumwambia mgonjwa wa makula kwamba anaweza kurudishiwa mistari?

Tatizo likawa bei. Dozi ya Lucentis huko Marekani ilikuwa karibu dola 2,000, na Avastin iliyogawanywa katika sindano ndogo karibu dola 50. Mwaka 2011 utafiti mkubwa uliolipiwa na serikali ya Marekani ulizipambanisha, na baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa wanaona sawasawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka bevasizumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Zimekuja na nyingine, Eylea mwaka 2011 na baadaye zile zinazodumu muda mrefu zaidi. Lakini kwa mtu wa Dodoma, ile dawa ya saratani iliyogawanywa kwa usafi ndiyo iliyofungua mlango. Chupa moja ya miligramu 100 hutoa dozi nyingi, kwa sababu jicho linahitaji miligramu 1.25 tu.

Sindano ya jicho. Najua maneno hayo yanavyosikika. Mama Mkubwa aliyasikia akasema afadhali Mungu amchukue na upofu wake. Kwa hiyo nitaeleza, maana hofu hii imewazuia watu wengi. Unalala chali. Unawekewa matone ya ganzi, kisha dawa ya iodini ya kuua vijidudu, hiyo inawasha kidogo. Kifaa kidogo kinashikilia kope zisifunge. Unaambiwa uangalie pembeni, na sindano nyembamba inaingia kwenye weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa duara la rangi. Huioni ikija. Wengi husema wanahisi mgandamizo. Ni sekunde chache. Unatoka na doa jekundu kwenye weupe, pengine na vitu vinavyoelea mbele ya macho kwa siku moja mbili. Cha kuogopa ni maambukizi ndani ya jicho, ambayo hutokea kwa nadra, mara moja katika sindano elfu kadhaa. Jicho likiuma zaidi badala ya kupoa, likizidi wekundu, au kuona kukishuka siku zinazofuata, unarudi siku hiyohiyo hata kama ni Jumapili.

Sindano moja haitoshi. Kwa kawaida ni moja kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha daktari anatazama kwa kipimo cha OCT, picha inayoonyesha tabaka za retina kwa mwanga tu bila kugusa, na akiona pamekauka anaanza kuachanisha: wiki sita, nane, hata kumi na mbili. Dawa inazuia wito, haiing'oi mishipa. Ukiacha, wito unarudi. Ndiyo maana ninaamini adui mkubwa wa tiba hii kwetu ni nauli. Madaktari wa retina wako wachache nchini, kwenye hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam. Sisi tulipelekwa Dar. Zamani hiyo ilikuwa siku nzima ya basi kwa mama mzee. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari imekuwa ya saa chache, na nathubutu kusema reli hiyo imeokoa macho ambayo hakuna aliyeyahesabu. Ndugu tulifungua kundi la WhatsApp la michango, kama tunavyofanya kwa harusi. Kwa harusi tunachanga mara moja. Kwa jicho unachanga, unachanga tena, na watu wanaanza kunyamaza kwenye kundi. Wanaobaki ndio wanaolishika jicho.

Kwa aina kavu, habari ni ngumu zaidi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha sindano mbili, Syfovre na Izervay, kwa wale waliofika hatua ya mabaka. Zinapunguza kasi ya kuenea, hazirudishi kilichopotea. Kuna pia vidonge. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba kwa viwango vikubwa ulipunguza kwa takriban robo hatari ya kufika hatua mbaya, kwa watu waliokuwa tayari kwenye hatua ya kati. Mwaka 2013 wakabadilisha beta-karotini na kuweka luteini na zeaksanthini, kwa sababu beta-karotini nyingi iliongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji. Vidonge hivi havizuii ugonjwa kuanza, na si vya kila mwenye miaka sitini. Atakayekuuzia bila kukupima anakuuzia matumaini.

Na wale wanaouza matone ya mitishamba stendi, "yanasafisha macho yote"? Makula iko nyuma ya jicho. Hakuna tone linaloitibu. Likiwa na vijidudu, litakuongezea kidonda mbele ya jicho ambalo tayari linaumwa nyuma.

Luteini yenyewe iko sufuriani kwetu: mchicha, matembele, kisamvu, kiini cha yai, mahindi ya njano. Chakula hiki si dawa, ila ni kizuri na ni chetu. Sigara ndiyo hatari kubwa tunayoweza kuikwepa. Mvutaji ana uwezekano wa kuugua makula mara mbili hadi nne ya asiyevuta. Damu ya ukoo nayo ina neno, na tangu mwaka 2005 wanasayansi wamezitambua baadhi ya jeni zinazohusika. Mama yangu sasa anapimwa.

Kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote kwa Kiswahili wakati nalihitaji, na ndilo lililonifanya niandike. Jioni moja Mama Mkubwa aliniuliza kama nawaona watoto waliokaa ukutani. Wamevaa sare, alisema, nadhifu kabisa, hawasemi neno. Alikuwa anawaona wiki nyingi na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mmoja angemleta mchungaji, mwingine angetaja mganga, wa tatu angesema akili imeondoka. Katika nchi ambayo vikongwe wamewahi kuuawa, hasa Kanda ya Ziwa, kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni, mwanamke mzee anayeona watu wasiokuwepo ana sababu nzuri ya kunyamaza.

Hakuwa amerogwa wala kurukwa na akili. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva, aliandika habari za babu yake aliyekuwa akipoteza kuona na ambaye aliona wanaume, wanawake, ndege na majengo visivyokuwepo, huku akijua vema kwamba havipo. Hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Ubongo uliozoea kupokea picha kutoka kwenye makula, ukikosa, unajitengenezea. Picha hazina sauti, na mwenyewe anajua si za kweli. Kupepesa macho, kuyazungusha huku na huku, au kuwasha taa huziondoa mara nyingi, na kwa wengi hupungua kadiri muda unavyokwenda. Zikianza kuongea, au mtu akianza kuziamini, hilo ni jambo jingine na linahitaji daktari. Nilipomweleza, alilia, kisha akaniuliza kama yule babu wa Geneva naye aliogopa. Mwulizeni mzee wenu. Mwulizeni mkiwa wawili tu, bila mshangao usoni, maana hata asipouona uso wenu ataisikia sauti.

Maisha ya kila siku yamejipanga. Ugali mweupe haukai tena kwenye sahani nyeupe. Kila noti ina mkunjo wake ndani ya pochi. Taa ya kusomea iko karibu, nyuma ya bega, na Biblia yake ya maandishi makubwa anaisoma kwa kioo cha kukuzia, mstari baada ya mstari. Amejifunza kumwangalia mtu sikio ili auone uso, akitumia sehemu nzima iliyo pembeni ya doa. Wageni huhisi hawaangaliwi. Sisi tunajua ndipo anapowaona. Na tumewaambia majirani wote wataje majina yao wakimsalimu. Lile neno la maringo limekufa.

Aliye na mzazi wa miaka hamsini na kuendelea, amfunike jicho moja leo aangalie dirisha, kisha la pili. Mistari ikipinda, msisubiri tangazo la kambi. Mkifika mapokezi, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa, ya Rufaa ya Mkoa au Mvumi, msiseme "mzee haoni vizuri", kwa sababu foleni nzima inasema hivyo. Semeni jicho lipi, lilianza lini, na kwamba mistari iliyonyooka inaonekana imepinda. Ombeni mboni ipanuliwe na makula iangaliwe siku hiyohiyo. Wakikuta majimaji, msiondoke bila barua ya rufaa mkononi. Na nendeni wawili, kwa sababu yale matone ya kupanua mboni humwacha mzee na ukungu kwa saa kadhaa, na jua la Dodoma halimhurumii.